Miisho Aliyonisimulia Marehemu

Kijiwe chetu ni benchi moja refu la mbao lililoegemea ukuta wa duka lililofungwa, ambalo zamani lilikuwa likikodisha kanda za video. Juu ya mlango bado kuna mchoro wa mwanamume aliyeshika bastola, ila jua limemla uso, imebaki kofia na bastola. Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kiko ubavuni mwa benchi hilo, kwa hiyo hata nisipotaka kusikia, nasikia. Wananiita Soli. Mlango wa pili yupo Kipimo, fundi cherehani, ambaye kila kitu anakipima kwa macho, hata maneno ya watu. Stempu alifanya kazi posta miaka thelathini, akastaafu na methali nyingi asizojua pa kuzipeleka. Honi ni dereva wa teksi. Tanuri ni mwoka mikate, na huyu ndiye mwenye kisa. Kahawa ni ya Mama Birika, mama wa maneno machache, anayemimina huku akitusikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali. Ikifika saa kumi alasiri wote tupo, na mada huwa mpira au picha tulizotazama majumbani mwetu mwishoni mwa wiki. Siku hiyo ilikuwa picha.

— Picha za siku hizi giza tupu, alianza Kipimo. Juzi nimetazama moja na mke wangu, nimekodoa macho dakika arobaini. Nikadhani runinga imeharibika, nikainuka nikaipiga kibao. Kumbe ndivyo walivyoipiga! Watu wazima wanaongea gizani kama wanaiba kuku.

— Picha ni zile za zamani, alisema Stempu. Nyeusi na nyeupe. Mtu akifa, anakufa kwa adabu. Anasema neno lake la mwisho, anafumba macho, muziki unapiga. Siku hizi mtu anapigwa risasi kumi na mbili, anasimama, anatoa utani. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

— Hiyo inaingiaje hapo? aliuliza Kipimo.

— Inaingia. Aliyepigwa risasi aende pole.

— Wazee mmeachwa nyuma, alisema Honi. Mimi natazama za mfululizo tu. Niko msimu wa tano. Steringi wa kwanza, yule shujaa mwenyewe, kafa, wa pili kafungwa, sasa steringi ni mpishi aliyekuwa anapita nyuma na sahani.

— Uongo! alisema Kipimo. Steringi hafi. Hiyo ni kanuni tangu tuko watoto. Adui anakufa, rafiki wa steringi anakufa, farasi anakufa. Steringi hafi.

— Steringi anakufa.

Aliyesema hivyo alikuwa Tanuri. Tuligeuka wote. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kikombe kikiwa kimepoa mkononi, na hata mimi nilikuwa nimesahau kwamba yupo. Mkewe alifariki miezi mitano iliyopita, kwa ugonjwa wa figo. Baada ya msiba alipotea kijiweni muda mrefu, na aliporudi alikuwa anakuja, anaketi, anakunywa, anaondoka. Sisi tukaona tumwache, maana mtu anayeomboleza hasukumwi.

— Steringi anakufa, alirudia. Miaka ishirini na sita nimejua hafi. Kumbe anakufa, na mke wangu alijua, na hakuniambia.

Kipimo aliweka kikombe chake chini.

— Hebu tueleze vizuri, kaka.

Alitueleza. Na kwa kuwa alieleza kwa kukatakata, nitaieleza mimi kama nilivyoielewa.

Kazi ya kuoka mikate haina asubuhi. Tanuri anaamka saa nane usiku, saa tisa yuko mbele ya moto, saa nne asubuhi anarudi nyumbani. Siku yake ya kustarehe ilikuwa Jumamosi. Tangu walipooana, kila Jumamosi jioni, kabla jua halijazama, yeye na mkewe walikuwa wakitazama picha sebuleni. Enzi za kanda alikuwa akikodisha hapa hapa, kwenye duka hili lililo nyuma ya benchi. Zikaja diski, akawa ananunua. Zikaja za kuhamishia kwenye flashi, nazo akazikusanya. Na kila Jumamosi, picha ikifika katikati, kichwa chake kinaanguka. Hakuna picha aliyoifikisha mwisho. Hata moja.

Asubuhi akirudi kutoka kazini, mkewe anamwekea chai, anaketi mbele yake, na Tanuri anauliza: “Ehe, ikawaje?” Mkewe anamsimulia mwisho. Ndivyo walivyoishi.

— Sasa tangu aondoke, alisema Tanuri, usingizi wenyewe umenihama. Nyumba kimya. Nikasema nitoe lile boksi chini ya kitanda, nitazame zile picha zetu, angalau nimkumbuke. Nikaanza na ile ya mlinzi wa daraja.

— Ipi hiyo? aliuliza Honi.

— Ya vita, ya zamani sana. Kuna mlinzi wa daraja, ameamriwa alilipue alfajiri adui asivuke. Mdogo wake kavuka ng’ambo kumfuata mama yao, bado hajarudi. Mlinzi anatazama saa. Mimi nilikuwa nasinzia hapo hapo anapotazama saa. Mke wangu aliniambia utambi wa baruti ulilowa umande, haukuwaka. Mdogo mtu akatokea kwenye ukungu amembeba mama mgongoni, wakavuka, na kamanda alipofika akampigia saluti yule mama. Nimeishi na saluti ile, jamani. Nikiwa nakanda unga nilikuwa naikumbuka.

— Na kumbe?

— Kumbe utambi unawaka. Analipua. Mdogo wake yuko ng’ambo, ameinua mkono hivi. Halafu jamaa anaketi chini na kofia mapajani. Basi. Hata muziki hakuna.

Mama Birika alimwondolea ile kahawa iliyopoa, akampa nyingine.

— Nikasema labda alichanganya. Nikaweka ile ya mpishi aliyeshtakiwa kumtilia bosi wake sumu. Mke wangu aliniambia hakimu alimwachilia, mpishi akafungua hoteli na hakimu mwenyewe akawa mteja. Kumbe ananyongwa. Wanaonyesha miguu tu. Nikaweka hii mpya ya juzi juzi, ya daktari aliyemwacha mkewe akaenda kufanya kazi mbali. Aliniambia daktari alirudi na ndevu mpaka tumboni, mke hakumtambua mpaka alipokohoa. Kumbe harudi. Mke anauza kitanda, anahama. Nimetazama kumi na moja sasa. Hakuna hata moja aliyonisimulia kweli. Kumi na moja! Sasa mniambie nyie, mtu anamdanganyia nini mumewe kitu kama picha?

Hapo ndipo tulipokosea. Tungeweza kusema “pole” na kunyamaza. Lakini kijiwe kikiulizwa swali, hakiwezi kukaa bila jibu.

— Mimi nakwambia hivi, alisema Kipimo. Picha hukatwa kama nguo. Kitambaa kimoja, mishono miwili. Kuna mwisho wa kiume na mwisho wa kike. Shemeji alitazama mwisho wa kike, wewe sasa umetazama wa kiume.

— Diski ni ile ile moja, Kipimo.

— Una uhakika? Diski ina pande mbili.

— Acheni hayo, alisema Stempu, akivuta suruali juu ya magoti. Mimi nimekaa posta. Vifurushi vya kanda vilikuwa vinapita mikononi mwangu, na vilikuwa vinachelewa. Unajua kwa nini? Vilikuwa vinafunguliwa. Kulikuwa na chumba. Sikukiona, ila nilijua kipo. Ndani kuna watu na mikasi, kazi yao ni miisho tu. Raia wakionekana wana huzuni, wanabandika mwisho wa furaha. Wakionekana wamechangamka mno, wanabandika wa kunyonga. Shemeji alipata zile za mwaka wa huzuni.

— Zote hizo ziko kwenye boksi moja, chini ya kitanda changu! Nani aliingia kuzibadilisha?

— Ndiyo maana nasema ni mambo makubwa. Njia ya mwongo ni fupi.

— Miaka ishirini na sita ni fupi? aliuliza Honi.

Wakati huo alifika dada mmoja aliyevaa sare ya ulinzi, buti moja limeachama mbele kama linataka kuongea. Hatukuwahi kumwona. Alinisalimu, akasema anaingia zamu saa kumi na mbili na hawezi kusimama getini vidole vikiwa nje. Nilimpa kreti akalie, nikamtandikia kipande cha gazeti aweke mguu wake wenye soksi, nikaanza kulisafisha lile buti nilipake gundi. Mama Birika alimpa kahawa. Akanywa kimya, akitazama barabarani, kama wafanyavyo watu wanaosikiliza.

Honi alikuwa hajatoa nadharia yake. Nilimwona akiisokota moyoni, anazungusha funguo za gari kidoleni. Honi si mtu mbaya, ila ana ulimi unaotangulia breki.

— Mimi naona nyie hamjasikiliza, alisema. Hebu rudisheni nyuma. Daraja: mtu yuko ng’ambo, anarudi. Daktari: mtu kaenda mbali, anarudi. Tanuri, ile nyingine uliyotusimulia zamani, kabla ya msiba, ya nahodha?

— Anarudi, alisema Tanuri taratibu. Kwa simulizi yake, anarudi.

— Na ya mfungwa?

— Anarudi.

— Unaona? Kila picha, mtu anarudi. Huo si mwisho wa picha, ndugu yangu. Huo ni mwisho anaoutaka mtu. Shemeji alikuwa anamsubiri mtu.

Nilisimamisha nyundo. Kipimo alimkata Honi jicho. Tanuri aligeuza uso wake taratibu.

— Anamsubiri nani?

— Mimi sijui. Wewe ndiye mume.

Tanuri akasema kwa sauti ambayo ilibidi tuinamie kuisikia:

— Kabla yangu alikuwa na mchumba. Alikwenda kufanya kazi migodini. Hakurudi.

— Hakurudi! alisema Stempu, na kwa bahati mbaya alisema kwa furaha, kama mtu aliyepata neno la fumbo gazetini. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Usilete nguo hapa, alisema Kipimo.

— Nasema tu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Yule wa migodini ndiye mdogo mtu aliyembeba mama. Ndiye daktari mwenye ndevu. Migodini si wanafuga ndevu?

— Na kukohoa, alisema Honi. Vumbi la migodini linakohoza. Si ulisema alimtambua kwa kikohozi?

Nimekaa na watu hawa miaka mingi, na huwa nacheka nao. Siku ile sikucheka. Niliona mikono ya Tanuri, ile mikono mikubwa yenye alama za kuungua, ikitafuta mahali pa kukaa magotini isipate. Alikuwa anaamini. Maneno yaliyoanza kama mzaha yalikuwa yanajenga nyumba ndani yake, na yeye alikuwa ameshahamia.

— Tangu nione miisho si ile, wiki ya pili hii sijaenda kaburini, alisema. Nilikuwa naenda kila Jumapili, namwagilia yale maua yake. Sasa nafika getini, nageuka. Nikisema niende nimwambie nini? Nimelala kitanda kimoja na mtu miaka ishirini na sita, kumbe mwenzangu kila Jumapili asubuhi anakaa mbele yangu na chai, ananisimulia mwanamume mwingine.

— Kaka, usifike huko, alisema Kipimo.

— Nimeshafika. Nimelifunga lile boksi kwa kamba. Kesho nalitupa, na picha yake ya ukutani nimeigeuza.

Honi alizishika funguo zake kwa kiganja, zikaacha kulia. Alifungua mdomo, nadhani ajirudi, lakini neno likitoka kijiweni halina gia ya kurudi nyuma.

Ndipo binti wa Tanuri alipotokea kwenye kona. Anauza dawa kwenye duka la dawa la mtaa wa juu, na alikuwa bado na koti lake jeupe. Alitusalimia kwa shikamoo moja ya wote, tukaitikia kwa sauti za watu waliofumaniwa.

— Baba, umesahau tena vidonge vyako vya presha. Nimepita nyumbani nimevikuta mezani. Na kwa nini picha ya mama imegeuzwa ukutani?

Tanuri aliinamia kikombe chake. Binti alituangalia mmoja mmoja, kisha akaniangalia mimi, labda kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kitu cha kushika.

— Kuna nini, baba Soli?

Nilitaka kudanganya. Nikashindwa. Nilimweleza: picha, miisho, daraja, daktari. Nilipofika kwa mchumba wa migodini nilishusha sauti, lakini alisikia. Alitoa macho.

— Yule? Yule alioa huko huko migodini, baba! Alishawahi kuja nyumbani na mkewe na watoto wanne nikiwa darasa la pili. Wewe ulikuwa kazini. Mama aliwapikia, wakala, wakaondoka. Walipoondoka mama akasema, “Mungu ana macho,” akaosha vyombo.

Hapo Mama Birika alicheka. Kicheko kifupi, akakimeza.

— Sasa miisho? aliuliza Tanuri. Kwa nini alinidanganya miisho?

Binti aliketi kwenye benchi karibu na baba yake. Alikuwa ameshika ile pakiti ya vidonge, akawa anaibonyezabonyeza.

— Baba, mama hakukudanganya miisho. Mama hakuwahi kuiona.

— Hakuiona vipi? Tulikuwa tunatazama wote.

— Mlikuwa mnaanza wote. Mimi nilikuwa nalala kwenye mkeka pale chini, naona kila kitu. Wewe ukianza kusinzia, mama anapunguza sauti. Kichwa kikianguka, anazima kabisa. Bunduki zikilia ulikuwa unashtuka, unaamka, halafu hulali tena mpaka saa ya kwenda kazini. Kwa hiyo anazima, anakuvua viatu, anakufunika. Mimi nalia, “Mama, tumalizie!” Ananiambia, “Baba yako anaamka saa nane kuwasha moto. Nyamaza.”

— Basi angeniambia kwamba alizima.

— Alikwambia. Mara ya kwanza alikwambia, nilimsikia akimsimulia mama mdogo. Ukakasirika. Ukasema unajiona mzee, mwanamume gani anamnyima mkewe kumaliza picha. Ukasema utakuwa unakunywa kahawa usilale. Na kweli ukanywa, wiki hiyo ukaungua mkono kwenye tanuri kwa usingizi.

Tanuri alitazama mkono wake wa kushoto. Kuna kovu refu kutoka kwenye kifundo kwenda juu. Hatukuwahi kumuuliza.

— Tangu hapo akawa anatunga, alisema binti. Nilikuwa namsikia asubuhi, kabla hujarudi, anaosha vyombo huku anaongea peke yake. “Afe? Hapana, asife, mume wangu jana kachoka sana.” Kama umegombana na msimamizi wako kazini, steringi anapandishwa cheo. Ile wiki babu alipofariki, hukumbuki? Kila mtu kwenye ile picha alipona, hata farasi.

— Hata farasi, alisema Tanuri. Aliniambia farasi alivunjika mguu, ukaunga.

— Na hao wote wanaorudi nyumbani, baba, ni wewe. Mama alikuwa anaogopa ile barabara ya usiku. Ulikuwa unatoka kwa baiskeli gizani, naye halali tena mpaka asikie mlango. Basi ikifika asubuhi umerudi salama, anamrudisha na mtu wa kwenye picha.

Tanuri alifunika uso kwa mikono yake miwili. Alilia bila sauti, mabega tu ndiyo yaliyokuwa yanatikisika. Binti akamwekea mkono mgongoni. Honi alisimama, akaenda mbele yake, akachutama mpaka macho yao yakalingana.

— Nisamehe, kaka. Nimemsema marehemu vibaya. Nimesema kitu nisichokijua.

Tanuri alitikisa kichwa kumkubalia, bado uso umefunikwa. Stempu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

— Haya ndiyo mapenzi, alisema Kipimo kwa sauti nzito. Haya ndiyo mapenzi jamani. Sio haya ya siku hizi. Mwanamke anaacha picha katikati, miaka ishirini na sita, mumewe alale.

— Kweli kabisa, alisema Stempu. Picha nzuri kuliko zote ni hiyo.

— Mimi nikimsimulia mke wangu hii, atalia, alisema Honi.

Tulianza kuona nafuu. Kile kizito kilikuwa kinashuka, na kila mmoja alikuwa anataka kuongeza neno zuri juu ya marehemu. Kipimo alisema alikuwa mwanamke wa vipimo kamili. Mimi nikasema viatu vyake havikuwahi kuisha upande mmoja, maana alikuwa anatembea sawasawa. Tanuri alifunua uso, amelowa, lakini kuna kitu kilikuwa kimelegea pale, karibu tabasamu. Alichukua vidonge kutoka kwa bintiye, akameza kwa kahawa, jambo ambalo binti alilikemea, nasi tukacheka kidogo.

Buti lilikuwa limekamilika. Nilimpa yule dada mlinzi, akalivaa, akasimama, akalikanyagia chini mara mbili kujaribu. Aliniambia asante. Kisha badala ya kuondoka, aligeuka.

— Samahani wazee wangu. Mimi mgeni, nimesikia tu kwa kukaa hapa. Poleni na msiba. Nilikuwa nataka kuuliza, kama si vibaya.

— Uliza, mwanangu, alisema Tanuri.

— Yeye mwenyewe mama, alikuwa anapenda picha gani?

— Alikuwa anapenda... alianza Tanuri mara moja, kama mtu anayeulizwa jina lake. Alikuwa anapenda ile ya...

Akakwama.

— Ile ya daraja niliichagua mimi, alisema. Nilikuwa napenda za vita. Ya mpishi... hiyo pia mimi, za mahakama ndizo nilikuwa naziulizia. Ya daktari niliinunua mimi.

— Labda za mapenzi, alisema Kipimo. Wanawake wanapenda za mapenzi.

— Sikuuliza kuhusu wanawake, baba, alisema yule dada kwa heshima. Nimeuliza kuhusu mama mwenyewe.

— Nilikuwa nafika na kanda, alisema Tanuri, akitazama mbele yake kama anaona mlango wa nyumba yake. Ananipokea mlangoni. Anasoma kava, mbele, anageuza, nyuma. Anasema, “Hii inaonekana nzuri.”

— Zote alisema hivyo? aliuliza binti.

— Zote.

Tulimtazama binti. Yeye alikuwa kwenye ule mkeka. Binti alifikiri, akakunja uso, akafikiri tena.

— Mimi nilidhani wewe unajua, baba.

— Na mkishalala wote, picha imezimwa, alikuwa anafanya nini? aliuliza dada mlinzi.

— Alikuwa anakaa, alisema binti. Nikiamka usiku kwenda kunywa maji, namkuta amekaa pale pale kwenye kiti, runinga imezimwa. Nilidhani anapumzika.

Stempu alifungua mdomo. Tulijua inakuja methali, nami nakiri nilitamani ije, hata iwe ya kwenda kombo kiasi gani. Haikuja. Alifunga mdomo.

Dada mlinzi aliona kwamba ameuliza kitu kikubwa kuliko alivyokusudia. Aliomba radhi. Tanuri akamwambia hapana, asiombe radhi, amefanya vizuri kuuliza. Yule dada alituaga kwa kuinamisha kichwa, akaenda kazini kwake, buti zote mbili zikitoa mlio mmoja barabarani.

Tanuri aliinuka, akasimama wima kuliko nilivyomwona kwa miezi mitano.

— Mama yako mdogo yuko nyumbani saa hizi?

— Yupo, alisema binti. Lakini baba, sijui kama naye anajua.

— Twende tukamuulize. Walilelewa pamoja. Asipojua, yule rafiki yake wa kanisani. Asipojua, hata yule wa migodini nitamtafuta nimuulize.

Wakaondoka, binti amemshika baba yake mkono wenye kovu. Sisi tulibaki. Hakuna aliyetaka kutazama macho ya mwenzake. Honi aliitoa simu mfukoni, akaiangalia, akairudisha. Mama Birika aliuliza nani anaongeza kahawa.

— Wangu mimi, alisema Kipimo hatimaye, akipima hewa kwa vidole viwili kama anayetafuta mwisho wa uzi, wangu mimi anapenda sana zile za...

Tulisubiri amalizie. Mama Birika naye alisubiri, amesimama na birika mkononi.